Shangazi, Tamale na Sufuria Iliyogoma Houston

Mliniuliza Jumapili baada ya ibada, pale kwenye meza ya chai, nami kama kawaida nikasema "Ilikuwa poa" kisha nikajifanya natafuta sukari. Nisameheni. Mdomo wangu hugoma watu wakizidi wawili, na nyinyi mlikuwa saba. Kwa hivyo nimeandika. Shangazi Nafula amesoma yote, amefuta mistari miwili, halafu akasema, "Wape. Afadhali wasome yako kuliko ile wanayotunga." Ile mnayotunga, kwamba ameolewa Houston na Mmeksiko mwenye lori, ni tamu kuliko hii. Shida yake ni kwamba haikutokea.

Lewisville: natumwa

Shangazi Nafula ni dadake Baba, anakaa nasi hapa Lewisville, na anasomea udaktari wa anthropolojia. Kama hamjui, anthropolojia ni kuingia jikoni kwa watu na kuwauliza mambo ambayo mama yako angekuchapa ukiyauliza, kisha unapewa digrii. Yeye anachunguza familia zilizotoka Meksiko: nani anatawala nyumbani, wavulana na wasichana wanalelewaje, na nani huwaambia nini kuhusu mapenzi na ndoa. Ana maswali thelathini na moja kwenye karatasi. Familia iliyobaki ilikuwa moja tu, iko Houston, na shule zilikuwa zimefungwa kwa Krismasi.

Sasa shida. Injinia Barasa wa Plano, yule wa suti za kijivu anayesoma matangazo kanisani, anamtaka Shangazi. Watu wake walikuwa wameshapanga kwenda kwa Babu huko Bungoma Jumamosi ya wiki hiyo hiyo kuongea mambo ya mahari. Kila mtu alikuwa amesema ndiyo: Babu, wajomba, wachungaji wawili. Shangazi peke yake alikuwa hajasema lolote. Akiulizwa anasema, "Niko busy na research."

Mama akanivuta koridoni, bado amevaa sare zake za hospitali.

"Utaenda naye Houston. Utamsaidia kuandika."

"Sawa, Mama."

"Nataka kujua ni kwa nini anazunguka. Kama kuna mtu mwingine huko, nataka jina."

"Mama, mimi siwezi kuuliza..."

"Nani amesema uulize? Wewe huongei, Nekesa, mpaka watu wanasahau kwamba uko. Hiyo ni talanta. Tumia."

Baba, ambaye ndiye kaka mtu, alisema hayamhusu, akaongeza sauti ya televisheni.

Lewisville hadi Mesquite: mahali tulipopotezea asubuhi

Tulitoka saa mbili asubuhi ya Ijumaa, ili tufike Houston mapema. Tungepitia Mesquite dakika tano tu, kuazima kinasa sauti kwa Mama Furaha, rafiki wa Shangazi, Mkongo anayefanya kazi kwenye bohari ya viatu. Ndani ya ile nyumba hakuna kitu kinachoitwa dakika tano.

"Karibuni! Mukule kwanza."

"Mama Furaha, tuna haraka kabisa," Shangazi akasema.

"Haraka ya wapi? Houston iko inakimbia?"

Tukala. Ugali na sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki mkavu, saa tatu asubuhi, na nilikuwa nimeshakunywa chai na mandazi manne. Nikimaliza sahani anajaza. Nikifunika kwa mkono anamwaga juu ya mkono.

"Huyu mutoto hasemake?" akauliza.

"Anasema akiandika," Shangazi akamjibu.

"Basi andika: sombe ya Mama Furaha ni muzuri."

Nimeandika. Ni tamu kweli.

Kinasa sauti kilikuwa na kaseti ndani. "Upande wa kwanza ni korali yetu," Mama Furaha akatuonya. "Upande wa pili ni wazi. Ukifuta korali, Mungu anakuona, na miye nakuona." Kisha, akiwa anafungasha samaki wengine wa njiani, akatupa swali kama mtu anayetupa taulo: "Na harusi ni lini, dada? Nishone kitenge ya rangi gani?"

Shangazi alikuwa na tonge mdomoni. Taya zake zikasimama. Nilihesabu mpaka nane kabla hazijaanza tena.

"Kijani," akasema.

Nikaliandika hilo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, ule niliotenga kwa habari za Mama.

Corsicana: gari linapumua

Corolla ya Shangazi ina ugonjwa. Injini ikipata moto unawasha hita ili joto lihamie kwa abiria. Desemba ya Texas iliamua siku hiyo kuwa Machi, basi tukaenda na hita imewaka, madirisha wazi, samaki wa Mama Furaha wakinukia kiti cha nyuma. Karibu na Corsicana moshi ukaanza kutoka mbele, tukaingia kituo cha mafuta na kusimama.

Bwana mmoja mwenye kofia pana akashuka kwenye lori lake dogo. Mkewe akabaki ndani, dirisha limefunguliwa. Bwana akafungua boneti, akainama. Kutoka dirishani mke akasema neno. Bwana akageukia bomba la kushoto. Mke akasema jingine. Bwana akageukia la kulia, na hapo ndipo palipokuwa pamepasuka. Alilifunga kwa utepe mweusi wa gundi na waya.

Shangazi hakuweza kujizuia. Alitoa karatasi yake palepale na kumwuliza kwa Kihispania chake cha darasani: nyumbani kwenu, nani mwenye kauli ya mwisho?

Bwana akavua kofia akafikiri. Alilichukua swali kwa uzito sana. Mwishowe akajibu kwamba kauli ya mwisho ni ya mama yake, ambaye yuko Meksiko, haoni vizuri, na hutuma maagizo kwa simu kila Alhamisi.

Mke akasema kitu kutoka dirishani.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anasema ndiyo maana kila Jumatano usiku yeye huchomoa waya wa simu," Shangazi akajibu, macho yakimng'aa. "Andika! Profesa wangu ana kitabu kizima kinachosema mwanamume wa Kimeksiko ndiye mfalme. Hajawahi kuharibikiwa na gari."

Tulirudi barabarani. Mbele ya Huntsville tukapita sanamu jeupe la mzee mrefu kuliko misonobari, na tulipomaliza kulishangaa, Shangazi akasema bila kuniangalia, "Mama yako amekutuma, si ndiyo?"

Nikatazama miti.

"Usijali. Ningekuwa yeye, ningekutuma pia."

Houston: maswali yanazunguka meza

Tulifika saa tisa badala ya saa saba. Shangazi alipiga kengele ya mbele akiwa na koti lake la mahojiano. Hakuna aliyefungua. Baadaye kijana wa jirani akatuambia tuzunguke, kwa sababu nyumba hiyo mlango wa mbele ni wa polisi na wahubiri.

Jikoni kulikuwa na watu wawili. Bibi mwenye nyumba anaitwa Doña Chela. "Doña" ni heshima, kama sisi tunavyosema Mama Mkubwa; kwa mwanamume wanasema "Don". Ni mfupi, ana mikono kama ya mpiga ngumi. Wa pili ni binti yake Mirna, ambaye Kiingereza chake ni kama chenu, na ndiye aliyekuwa akinitafsiria yote ninayowaandikia hapa. Mume wa Mirna, Don Beto, alikuwa sebuleni na miguu juu ya stuli.

Walikuwa wanatengeneza tamale. Ni unga wa mahindi uliokandwa na mafuta ya nguruwe mpaka ulainike, unaupaka kwenye ganda la hindi lililolowekwa, unaweka nyama ya pilipili katikati, unakunja, unapanga wima kwenye sufuria kubwa, unapika kwa mvuke. Doña Chela alitazama koti la Shangazi, akatazama karatasi, akampa aproni.

"Siku ya tamale hakuna anayekaa jikoni na mikono mitupu. Na swali likiulizwa, linazunguka meza. Anayeuliza naye anajibu."

Shangazi akacheka kama mtu aliyekaribishwa vizuri. Hakujua kwamba amekaba shingo yake mwenyewe.

Kinasa sauti kilikula betri dakika ya kumi, kikafa. Kwa hivyo nikawa mimi ndiye kinasa sauti, kalamu mkono mmoja, unga mkono mwingine. Halafu, sufuria ilipojaa saa kumi na moja jioni, nikapewa kazi ya pili. Jiko lao la gesi la tamale liko nje, karibu na mlango wa nyuma. Doña Chela aliweka sarafu chini ya sufuria, ndani ya maji. Maji yakichemka, sarafu inagonga-gonga. Maji yakikaribia kuisha, inanyamaza.

"Kaa hapa mlangoni," Mirna akaniambia. "Ikinyamaza, sema."

Sema. Mimi!

Swali la tisa: nani aliamua uolewe?

Doña Chela akasema siku aliyochumbiwa alikuwa ameenda kusagisha mahindi. Wajomba wa bwana wakaja na kikapu cha mikate. "Nilitoka nyumbani nina miaka kumi na saba na ndoo ya mahindi. Nikarudi nina unga na mchumba."

"Mimi nilijiamulia," Mirna akasema, "na nikakosea mara ya kwanza. Huyu wa sebuleni ni wa pili, huyu bado tunachunguza."

"Nasikia!" Don Beto akapaza sauti.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti!"

Wakamgeukia Shangazi. Alikuwa anakunja tamale moja kwa muda mrefu mno.

"Mimi niko masomoni," akasema.

"Hilo ni jibu la swali lingine," Doña Chela akamwambia, lakini akaliacha lipite.

Likaja la kumi na nne: kabla hujaolewa, nani alikueleza mambo ya ndoa? Hapo nikatamani kuingia ndani ya ganda la hindi. Doña Chela akasema mama yake alimshonea gauni la kulalia lenye vifungo mpaka kidevuni, akampa, akasema neno moja tu: "Subira." Vifungo ishirini na mbili. Bwana arusi alipofika cha tisa akasinzia.

Mirna alicheka mpaka akakaa sakafuni. Shangazi alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko. Na mimi, mlangoni, nikagundua kwamba nyuma yangu kumenyamaza.

Sarafu haikuwa inagonga.

Ilipaswa niseme. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Doña Chela alikuwa amefika kwenye kile kifungo cha tisa kwa mara ya pili, akiigiza, na ningemkatizaje? Ningesema nini? "Samahani, sarafu"? Basi nikaona nitengeneze mwenyewe, kimya kimya. Kulikuwa na ndoo ya maji bombani. Nikafunua sufuria, nikamwaga ndoo nzima, maji baridi, juu ya tamale zote, nikafunika. Nikarudi mlangoni kama malaika.

Jikoni: sufuria inagoma

Saa moja Doña Chela akatoa tamale moja ya kujaribu. Akafungua ganda. Ndani kulikuwa na uji.

Akatoa ya pili. Uji. Akafunika, akajifuta mikono, akatutazama mmoja mmoja.

"Mtu ana hasira humu ndani."

Shangazi akaninong'oneza kwa furaha ya kitaaluma: "Wanaamini tamale haziivi mtu akiwa na kinyongo jikoni. Andika, andika!"

Nikaandika. Ndoo sikuiandika.

"Hatuli mpaka aitoe," Doña Chela akasema. "Mirna."

Mirna akasema ana hasira na mama yake kwa kumsema kwa dada yake kwamba yeye Mirna amenenepa. Doña Chela akasema ni kweli amenenepa, akaomba radhi kwa kulisema. Sufuria ikachunguliwa. Uji.

"Beto!"

Don Beto akaja na soksi zake, akasimama mlangoni. Kwanza akasema hana kitu. Kisha akatazama bakuli la unga, na uso wake ukabadilika.

"Mnapaka unga mnene," akasema.

"Nini?"

"Mnapaka mnene! Miaka sita nautazama! Mimi ni mpishi, jamani, kazini natengeneza tamale za watu mia mbili, wanakuja kutoka mjini kote kula mkono wangu, na hapa nikigusa kijiko mnaniambia toka, hii ni kazi ya wanawake. Na kaka zangu wakija inabidi nijifanye sijui hata chumvi iko wapi!"

Alikuwa karibu kulia. Doña Chela akasogeza kiti kwa mguu. Don Beto akakaa mezani, akachukua ganda, akapaka. Alipaka unga mwembamba kama siagi ya mkate wa kuchoma. Mirna akafunika mdomo kwa mkono.

Sufuria ikachunguliwa. Bado uji.

Basi macho yote yakahamia kwa Shangazi Nafula.

"Mimi ni mtafiti," akasema.

"Sufuria haijui hilo," Doña Chela akajibu.

Akaanza kwa Kihispania, kwa utaratibu, kama anayetoa mhadhara: kwamba katika jamii yake nako kuna desturi ya familia mbili kukaa pamoja. Sentensi ikamkatikia. Akahamia Kiingereza, nacho kikakatika. Akamalizia kwa Kiswahili, akiitazama meza.

"Kesho watu wanakaa sebuleni kwa baba yangu wakinigawa, na mimi niko hapa na karatasi nawauliza wengine nani aliwaamulia. Barasa hana kosa lolote. Ni mtu mzuri, hata viatu vyake ni vizuri. Mimi sitaki tu. Sitaki yeye, na si kwamba namtaka mwingine. Nataka nitoke kazini nikute kikombe changu nilipokiacha. Na nimenyamaza mpaka wamefika mlangoni kwa mzee, kwa sababu naogopa kuonekana mgonjwa."

Mirna akauliza, "Amesema nini?"

Aliyekuwa amemwelewa ni mmoja tu. Wakanigeukia. Watu watatu. Shangazi hakunitazama, lakini hakusema nisiseme.

Nikasimama. Sijui ni kwa nini nilisimama, haikuwa darasani.

"Amesema hataki kuolewa," nikasema kwa Kiingereza. "Hana mtu mwingine. Hataki tu, hajawahi kutaka, na hajawaambia nyumbani. Kesho ndiyo siku." Sauti ilikuwa yangu lakini ilitoka kama ya mtu anayepiga kelele kwenye ndoo. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, "Na sufuria ni mimi. Sarafu ilinyamaza nikaona haya kusema. Nilimwaga ndoo nzima. Hakuna mwenye hasira. Ni maji."

Mirna alipomaliza kutafsiri, Shangazi aliinua kichwa. Niliona matumaini usoni pake, nikajuta. Nilikuwa nimempa njia ya kutokea: kama ni maji tu, hana haja ya kusema nyumbani.

Doña Chela akaiziba.

"Sawa. Maji tumejua yametoka wapi." Akaongeza moto chini ya sufuria, kisha akaonyesha kwa kidole. "Simu iko ukutani."

Houston hadi Bungoma: dakika kumi na moja

Hii nayo ni safari, hata kama haikuwa na gari.

Ilikuwa saa mbili usiku Houston, saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi Bungoma. Babu huwa macho saa hiyo, anakamua. Shangazi alikuwa na kadi ya simu ya kukwaruza ndani ya pochi. Alisema alikuwa ameinunua wiki tatu zilizopita. Baba Mdogo ndiye aliyepokea, tukasikia akikimbia na simu hadi zizini.

Babu anaongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, kwa hivyo tulisikia sote.

"Nafula! Nani amekufa?"

"Hakuna, Baba. Baba, hao wageni wa leo."

"Wanafika saa nne. Mama yako amepika tangu jana."

"Baba, mimi sitaki."

Ng'ombe akalia huko.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Ni mlevi?"

"Hapana, Baba. Ni mtu mzuri."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna. Sitaki kuolewa, Baba. Na mtu yeyote. Ningekuambia zamani, niliogopa."

Don Beto alikuwa ameacha kupaka. Doña Chela, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa ameshika aproni ya Shangazi kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto karibu na kisima.

"Kuku wameshachinjwa," Babu akasema mwishowe.

"Najua. Nisamehe."

"Basi waje wale. Wakishakula nitawaambia. Mtu husikia vizuri akiwa ameshiba." Akakohoa. "Sijakuelewa, Nafula. Nimesikia, lakini sijakuelewa. Utakuja mwenyewe, unieleze nikikuona uso."

"Nitakuja, Baba."

"Mmm. Na wewe umekula?"

Hapo ndipo Shangazi alipolia. Alimwambia bado, kiko jikoni, na kadi ikaisha.

Tamale ziliiva saa tatu kasoro dakika chache. Doña Chela alisema ni kwa sababu ya simu. Mimi nasema ni kwa sababu maji hatimaye yalichemka. Shangazi, akiulizwa, anasema ataandika yote mawili kwenye sura ya nne na profesa achague. Nilikula tisa. Zile za Don Beto ndizo zilizokuwa tamu zaidi, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Houston hadi Lewisville: mlango unafunguliwa

Kurudi kesho yake hakukuwa na jambo, ila ule waya wa Corsicana ulishikilia hadi nyumbani. Tukafika Dallas. Nikang'oa ukurasa wa nyuma wa daftari, ule wa Mama, nikampa. Aliusoma kwenye taa nyekundu. Ulikuwa na neno moja, "Kijani". Akauweka kwenye pochi.

Mama alikuwa mlangoni kabla hatujazima gari. Bungoma walishampigia.

"Nilikutuma ulete habari," akaniambia, "habari imenifikia kabla yako!" Kisha akamgeukia Shangazi, na hasira yake ikapungua katikati ya hewa, sijui kwa nini. Labda ni vile Shangazi alivyokuwa na unga kwenye nywele. "Wifi. Ungeniambia mimi."

"Ungenisikia?"

Mnamjua Mama. Mtu wa kujibu kabla hujamaliza swali. Alisimama na mkono kwenye kitasa, akafikiri kwa uaminifu kabisa, kama yule bwana wa kofia.

"La," akasema. "Nisingekusikia."

Akasogea tupite.

Hajaomba msamaha, na Injinia Barasa bado anasoma matangazo kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Lakini Mama hajamtajia Shangazi mwanamume mwingine yeyote. Leo ninavyoandika ni siku ya tisa.